Muganga Ambaye Mama Mkwe Hakumjua

Nimeponya wanawake wengi wa mtaa wetu wa Jabe kwa kutokea mlangoni tu. Mama anaingia ameinama, mkono uko chini ya kitovu, uso umekunjamana kwa maumivu. Anauliza muganga yuko wapi. Nasema, "Ni mimi." Hapo hapo mgongo unanyooka, uso unakunjuka, anasema alikuwa anapita tu kusalimia, na anaondoka akitembea vizuri kuliko mimi. Dawa yenye nguvu namna hiyo sijaiona tena katika kazi yangu.

Nilikuwa muforoma, yaani muuguzi, katika dispanseri ndogo nyuma ya soko la Jabe. Ilikuwa miaka ya krizi. Vita tulikuwa tunaviita krizi, kana kwamba ni homa itakayoshuka kesho asubuhi. Daktari mwenye dispanseri alikuwa amekwenda Ulaya kwa wiki mbili mambo yalipoanza kuchafuka, na hizo wiki mbili mpaka leo hazijaisha. Tukabaki mimi na mwenzangu mmoja, muforoma mwanamke, mtu mzima, Mkristo, aliyekuwa anatoka mtaa wa Kinama, mbali na kwetu, kila asubuhi kwa basi au kwa miguu, kutegemea risasi zililia vipi usiku. Watu wote walituita muganga, yeye na mimi. Lakini hakuna mgonjwa aliyeuliza nani kasoma zaidi. Waliuliza yupi ni mwanamke.

Tulikuwa na benchi moja refu ukutani. Mbele ya mlango wake walibanana wanawake mpaka wengine wanakalia ncha. Mbele ya mlango wangu palikuwa na watoto wenye malaria, watu wenye vidonda, na wanaume wanaosema wana kikohozi. Mlango ukifungwa, kikohozi kinashuka chini ya mkanda. Kwa sababu wanaume nao walikuwa wanachagua, tusidanganyane. Kuna fundi mmoja wa magari, mwenye sauti ya kusikika soko zima, alikuja siku ambayo mimi nilikuwa msibani. Alipomkuta mwenzangu peke yake akasema ana malaria. Akameza kwinini kwa ugonjwa usioijua kwinini hata kwa jina, na kesho yake akarudi kwangu masikio yanamlia, bado anaumwa pale pale.

Mimi nina hasira. Ndivyo nilivyo, mama yangu anasema hata kitovu changu kilidondoka kwa ugomvi. Na kukataliwa kuliniuma. Nilisoma, jamani! Nilifundishwa uzazi na sista mmoja mzee aliyekuwa ananipiga vidole kwa rula nikishika kibano vibaya. Halafu mtu anakuja, ananipima kuanzia viatu, anasema, "Nitamungoja ule mama." Nilipomsimulia baba yangu, ambaye naye ni fundi wa magari, alicheka mpaka akakaa chini.

"Nilikuambia ushike spana," akasema. "Gari haichague fundi."

Siku moja nikalipuka. Mwanamke alikuja na mtoto mgongoni, nikamwambia anionyeshe panapouma. Akamgeuza mtoto, akagusa tumbo la mtoto, akasema, "Inamuuma hapa." Mtoto alikuwa anacheka. Nikasema maneno ambayo hayakufaa kusemwa mbele ya mama wala mtoto, na mama akaondoka na maumivu yake. Mwenzangu alisikia yote. Akaniita kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Kuanzia leo," akasema, "kila mwanamke anayekuja, umuulize: unataka muganga mwanamke ao mwanaume?"

"Hata kama we haupo?"

"Hata kama sipo."

Nikamwambia hiyo ni kama kumuuliza mtu chai au kahawa wakati jikoni kuna maji tu.

"Umuulize," akasema. "Akisema mwanamke na mi sipo, umwambie hayupo. Halafu ufunge kinywa. Usimusukume. Ni mwili yake ile, apana meza ya dispanseri."

Basi nikawa nauliza. Nilikuwa nauliza na uso wa mtu aliyekunywa kwinini, lakini nilikuwa nauliza. Na sielewi mpaka leo kwa nini, wengine wakaanza kubaki. Nilikuwa nasema mwanamke hayupo, mimi nafunga kinywa, mama anatazama dari, anatazama mlango, anashusha pumzi, anasema, "Basi we." Si wote. Wengi bado walikuwa wanapona papo hapo. Wahenga wanasema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakukaa Jabe. Wanawake wa Jabe walificha kila kitu, na wakazaa kila mwaka.

Sasa nije kwa mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimeoa hapo hapo mtaani, kwa Waislamu wa siku nyingi kama sisi. Baba mkwe alikuwa anafanya kazi bandarini, ya kuwatolea watu mizigo kwenye forodha. Mama mkwe hakuwa mzee. Alimzaa mke wangu akiwa msichana mdogo, na sisi tulipopata mtoto wetu wa kwanza yeye hakuwa na mvi hata moja. Ila adabu alikuwa nayo ya watu wazee kabisa. Huku kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawapeani mkono, hawali mmoja mbele ya mwenzake, hawatazamani. Dini haikatazi, shehe mwenyewe alikuja siku moja akaeleza kwamba mama mkwe ni kama mama mzazi, anaweza kunisalimia bila shida. Mama mkwe alimsikiliza kwa heshima zote, akamwambia asante, akaendelea kunikimbia.

Akiniona njiani anavuka upande wa pili. Siku moja upande wa pili haukupitika, akaingia kwenye duka la vyuma akatoka na misumari ambayo hakuwa na kazi nayo. Nikienda kuwasalimia anakaa nyuma ya pazia la mlango, tunaongea kwa kupitia mtu. "Mwambie mukwe chakula iko tayari." "Mwambie mama asante." Mara moja hakukuwa na mtu, ilikuwa mbuzi tu uani. Akamwambia mbuzi amwambie mukwe akaribie. Nikamwambia mbuzi amwambie mama nimekaribia. Uso wake niliwahi kuuona vizuri siku ya harusi, na hata siku hiyo alikuwa analia. Nilidhani analia kama mama wote wanavyolia.

Siku zile kulikuwa na asubuhi ambazo mji unakufa. Vijana wanaziba barabara kwa mawe, matairi na miti, na anayejaribu kupita anajutia. Asubuhi moja ya namna hiyo nilipita nyuma ya nyumba za watu mpaka dispanseri, kwa sababu kwangu si mbali. Mwenzangu hakufika. Barabara ya Kinama ilikuwa imefungwa tangu alfajiri na risasi zilikuwa zinatoka upande huo huo. Nilikaa kwenye benchi tupu, upande wa wanawake, kwa sababu kulikuwa na kivuli.

Ndipo nikaona mkokoteni wa soko unakuja, wanaume wawili wa kubeba magunia wanausukuma. Kandoni mke wangu alikuwa anakimbia miguu mitupu, yeye ambaye hatoki hata kutupa taka bila kujitazama kwenye kioo. Juu ya mkokoteni kulikuwa na mtu aliyefunikwa kitenge gubigubi.

"Nani?" nikauliza.

"Mama!" akapiga kelele. "Yebabawe, mama anakwisha!"

Mkono ukatoka chini ya kitenge. Nilidhani anaomba kusaidiwa. Kumbe alikuwa amesikia sauti yangu, anavuta kitenge afunike uso vizuri zaidi. Damu ilikuwa inadondoka chini kupitia mbao za mkokoteni, lakini kichwa kilikuwa kimefunikwa kwa ukamilifu.

Tulimlaza kitandani, wale wanaume wakaondoka mbio kabla njia haijazidi kufungwa. Mke wangu akanieleza kwa maneno yanayogongana. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitatu na kitu. Mke wangu mwenyewe ndiyo kwanza anasikia. Mwanamke ambaye binti yake ameshazaa, huku kwetu akibeba tena mimba watu wanamcheka, wanasema mama na mtoto wanashindana mbio. Kwa hiyo mama mkwe alijifunga kitenge juu ya kitenge na hakumwambia mtu isipokuwa mume wake, na mume wake alikuwa amelala bandarini akisubiri meli ya Kigoma, hawezi kuvuka mji. Alfajiri mimba ilitoka. Alijifungia chumbani akingoja iishe yenyewe, bila kuita mtu, mpaka mke wangu alipokwenda kumsalimia na kukuta damu inatoka chini ya mlango.

Nilimshika mkono kutafuta mapigo ya moyo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumgusa. Mapigo yalikuwa yanakimbia, membamba, na mkono wa baridi. Nikamwekea serumu, ile chupa ya maji ya mshipani, nikamchoma sindano ya kukaza kizazi, vyote mkononi, na mkono aliniachia kama kitu alichokikopesha. Damu haikukata. Nilijua kwa nini. Haikuwa imetoka yote. Kuna kilichokwama mlangoni mwa kizazi, na kizazi hakiwezi kujifunga kitu hicho kikiwa bado ndani. Kinatolewa kwa vidole na kibano, tena hapo hapo, bila kungoja. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya vizuizi, saa nzima kwa mkokoteni kama vijana wangeturuhusu. Mama mkwe hakuwa na saa nzima.

Nasema wazi: niliogopa. Nimeona watu wa risasi wakiletwa na sikuogopa namna ile. Nisipomgusa atakufa mbele ya mtoto wake. Nikimgusa kwa nguvu ataishi, na hataweza tena kukaa katika mtaa mmoja na mimi, na mke wangu atakuwa na mama ambaye hawezi kuingia nyumbani kwake.

Nikasimama mlangoni, mgongo nimewapa.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu, "anataka muganga mwanamke ao mwanaume?"

"We! Uko mzima?" mke wangu akasema. "Kuko mwanamke hapa?"

"Hayuko."

"Sasa unauliza nini, mujinga we?"

"Muulize."

Akamuuliza, analia. Chini ya kitenge sauti ikatoka, ndogo sana, lakini hakuna aliyeweza kuikosea.

"Mwanamke."

"Mwambie hayupo," nikasema. "Kinama imefungwa. Mwambie damu haitakata yenyewe, kuna kitu cha kutoa kwa mkono. Na mwambie muda ni mfupi."

Halafu nikafunga kinywa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kufunga kinywa kile.

Mke wangu hakufunga chake. Akasema, "Basi nitafanya mi mwenyewe, unaniambia tu." Akanawa mikono, nikampa glavu, akavaa moja kinyume. Akaenda mpaka miguuni pa mama yake, akashika ncha ya kitenge. Mama mkwe akabana magoti. Sijui nguvu alizitoa wapi.

"Apana," akasema. "Mutoto hatazame kule alitokea. Acha, mwanangu."

Mke wangu akabaki ameshika ncha ile. Nje, risasi zilikuwa zimesogea, au upepo ulikuwa umegeuka. Niliona serumu inapungua kwenye chupa. Nilitaka kupiga kelele kama nilivyompigia yule mama wa mtoto anayecheka. Nililiuma shati langu kwenye kola.

"Muganga," sauti ikasema.

Hakusema mukwe. Na hakusema mwambie. Niligeuka nusu.

"Muganga, we uko mutu wa wapi?"

Nikadhani damu imepungua kichwani, ameanza kupotea. Nikamtazama mke wangu, mke wangu akanitazama, na yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Akanisogelea, akanipiga kiwiko cha ubavu.

"Wa hapa Jabe, mama," nikasema.

"Mi sikujue."

"Ndiyo, mama. Hatujuani."

"Uko na bibi?"

"Mke ninaye."

"Huyu hapa si bibi yako?"

"Apana," nikasema. "Huyu mi simujue."

Mke wangu akavua glavu zake.

"Basi huyu binti atoke inje," mama mkwe akasema. Mke wangu akatoka. Mlango ulipofungwa, mama mkwe akasema, "Mwanamke hayuko. Basi nachagua we, muganga nisiyekujua. Bisimilahi."

Akafunua uso. Akatazama dari, mimi nikatazama kazi. Nilikuwa nimemfunika kila mahali ambapo sikupahitaji, na kila ninalotaka kufanya nilimwambia kabla sijalifanya, kama sista alivyonifundisha, na kila mara aliitikia, "Fanya." Iliuma. Niliona vidole vyake vimeshika chuma cha kitanda. Kisha akaanza kuongea, nadhani ili asipige kelele.

"Mi niko na mukwe," akasema. "Naye ni muforoma."

"Kumbe," nikasema.

"Iko na hasira mubaya."

"Waforoma wengi wako vile, mama. Ni kazi."

"Si kazi. Ni yeye. Na anachelewa kurudi, risasi zinalia, mutoto wangu anabaki mulangoni na mutoto mikononi. Mutu gani anafanya vile?"

"Ataacha, mama," nikasema. "Nafikiri. Ukimwambia."

"Nitamwambia namna gani? Ni mukwe wangu." Akapumua. "Na nikimutumia samaki ya mukeke, anarudisha kichwa. Kila siku anarudisha kichwa. Mukeke ya hapa ziwani, kichwa ndiyo tamu, anarudisha kama takataka."

Jamani. Miaka yote ile nilikuwa naacha kichwa kwa heshima, nikiamini sehemu nzuri inawarudia wakubwa. Nikasema labda huyo mukwe alidhani ni adabu. Mama mkwe akasema adabu gani hiyo, ya kumfundisha samaki kurudi nyumbani. Ningecheka kama mkono wangu usingekuwa mahali ulipokuwa.

Kipande cha kwanza kikatoka. Damu ikaongezeka badala ya kupungua. Nikasikia sauti yake imeshuka.

"Muganga, mi nakufa?"

"Sijui, mama," nikasema. "Bado nafanya."

"Basi ukimuona ule mukwe, umupe salamu zangu. Umwambie mutoto wangu nilimutoa shingo upande. Mi sikumutaka. Baba yake ndiye alikubali, mi siku ya harusi nililia ya kukataa." Akakaza vidole kwenye chuma cha kitanda. "Umwambie, leo ningemutoa kwa mikono mbili. Na asimuache, na krizi hii. Utamwambia?"

"Nitamwambia," nikasema.

Mikono haikutetemeka, namshukuru Mungu na rula ya sista. Lakini machozi yalinitoka mpaka yakafika mdomoni, na sikuwa na mkono safi wa kujifutia. Yeye alikuwa anatazama dari. Kama aliniona, hakunijua.

Kilichobaki kilitoka kwa kibano, taratibu. Nikakanda tumbo, nikahisi kizazi kinakaza chini ya kiganja. Nikabadilisha kitambaa, nikangoja, nikakitazama. Nikabadilisha kingine. Damu ilikuwa inapungua. Nikangoja tena mpaka nikawa na hakika, nikamfunika, nikamwambia, "Imekwisha, mama." Akavuta kitenge juu ya uso, akalala.

Mke wangu alikuwa amekaa chini kwenye korido, mgongo ukutani. "Iko hai," nikamwambia. Akasimama, akanishika bluzi yangu nyeupe ya kazi kwa mikono yote miwili.

"Umenikana," akasema. "Mbele ya mama yangu, umesema haunijue." Halafu akaweka uso wake kwenye bluzi yangu, damu na kila kitu, akalia kwa sauti.

Baba mkwe alifika mchana, amezunguka kwa kufuata ufuko wa ziwa, suruali imelowa mpaka magotini. Mke wangu alimpokea nje, wakaongea. Alipoingia alinisalimia kwa adabu zote, kama siku ya kuposa.

"Nasikia kulikuja muganga mugeni," akasema.

"Alikuja, baba."

"Yuko wapi?"

"Ameenda."

"Ukimuona, umwambie asante." Akavuta pumzi kupitia puani, akatazama ukuta. Nikampa kile kidogo nilichokuwa nimekifunga katika kitambaa cheupe. Akakipokea kwa mikono miwili, akatoka kwenda kukizika, na hakutaka mtu amfuate.

Kesho yake njia zilifunguka kidogo na mwenzangu akafika, viatu mkononi. Akamwangalia mama mkwe, akaniangalia mimi. Aliijua ile mila kuliko mimi, kwao kijijini, milimani, inashikwa zaidi.

"Nani alifanya?" akauliza.

"Muganga."

"Alimuuliza kwanza?"

"Alimuuliza."

"Vizuri," akasema, akaenda kunawa. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyemshughulikia, na yeye ndiye aliyempeleka hospitali kubwa, ambako walimwongezea damu. Mimi sikuingia tena kile chumba.

Akarudi nyumbani. Na mimi sikwenda kumsalimia. Kila siku nilikuwa na sababu: kazi, risasi, mtoto ana mafua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kusimama mbele ya lile pazia na kusikia kimya. Niliwaza labda hatakaa tena hata nyuma ya pazia, labda nikiingia mlango wa mbele yeye atatoka wa nyuma, na mke wangu atakuwa anakwenda kwao peke yake mpaka tuzeeke. Mke wangu alivumilia, kisha siku moja akaja amesimama mlangoni na kanzu yangu mkononi.

"Mama anauliza mukwe wake amepotelea wapi," akasema. "Vaa."

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Baba mkwe alikuwa kazini. Nilikaa uani kwenye kiti changu cha siku zote, mtoto wetu kwenye goti. Mke wangu akaingia ndani, nikasikia wananong'ona, kisha akatoka akamchukua mtoto, akasema wanakwenda kwa jirani. Hapakubaki mtu wa tatu. Hata mbuzi hakuwepo.

Pazia likatikisika kidogo.

"Mukwe."

"Mama."

"Siku nyingi hatujaonana."

"Siku nyingi sana, mama," nikasema.

"Kuna mutu nilimupa salamu zako. Zilikufikia?"

"Zilifika zote."

"Hata ya hasira?"

"Hata ya hasira. Hata ya kichwa ya mukeke."

Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajizuia. Nikasikia kiti kinasogezwa, anakaa vizuri.

"Na ile ya mwisho?"

"Ilifika nayo, mama."

"Ile siku nilikuwa nafikiri nakufa," akasema. "Sasa sikufa. Na bado nasema vile vile."